Mbwa Katumbukia Shimoni: Nishuke, Nisishuke?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mnyama wa nyumbani yuko hatarini, mwenyewe amesimama pembeni, afanye nini? Tumechagua nane. Majibu yameandaliwa na daktari wa mifugo pamoja na mkufunzi wa uokoaji. Ya kwanza ni ndefu, na tunaomba isomwe yote, kwa sababu hatari iliyomo inaweza kuondoka na watu watatu wa nyumba moja kwa robo saa.

SWALI: Mbwa wetu alitumbukia kwenye shimo la choo cha zamani nyuma ya nyumba, lile lililofunikwa kwa mbao na udongo. Kina chake ni kama futi kumi na mbili. Tulimsikia akilia. Kijana wa jirani akafungwa kamba kiunoni akashuka, na hata hajafika chini akalegea kama nguo mbichi. Tulimvuta, akazinduka baada ya dakika chache. Mbwa alikufa. Sasa mtaani wapo wanaosema kijana ana kifafa, na wapo wanaosema shimo lina jini. Tungefanyaje? — *Msomaji, Mbagala*

JIBU: Kwanza mpelekeni kijana hospitali kama hajapimwa, hata akisema ni mzima. Mtu aliyezimia ndani ya shimo la choo anaweza kujaa maji kwenye mapafu saa nyingi baadaye. Mwelezeni daktari waziwazi kwamba alishuka chooni, asije akatibiwa malaria.

Kwa jinsi ulivyoeleza, kilichomwangusha ni hewa. Kinyesi kikioza mahali pasipopita hewa hutoa gesi kadhaa. Methani ni nyepesi na inawaka. Kaboni dayoksidi ni nzito, hutuama chini na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mbaya kuliko zote ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Watu huitegemea harufu iwaonye, na hapo ndipo wanapoponzeka: gesi hiyo ikifika kama sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa, pua hufa ganzi ndani ya dakika chache na harufu hupotea. Mtu anadhani shimo limepoa. Ikifika kati ya 700 na 1,000, pumzi chache tu zinamlaza, na hapati nafasi hata ya kuita.

Mtauliza, mbona mbwa alikuwa analia kama hewa ilikuwa mbaya? Tope la choo hushika gesi kama soda iliyofungwa. Likitulia, hewa iliyo juu yake inaweza kumweka mnyama hai kwa muda. Likivurugwa, na mbwa anayehangaika au na mtu anayelikanyaga, gesi hufumka kwa mkupuo na kumfikia usoni anayeshuka. Kwa hiyo sauti ya mbwa haikuthibitishii kwamba hewa ni salama kwako.

Kilichomwokoa kijana wenu ni ile kamba, na busara yenu ya kuvuta badala ya kumfuata. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilionya mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa ndani ya mashimo, matangi na sehemu nyingine za kubana walikuwa wameingia kuokoa mwingine. Wa kwanza anashuka kumfuata mnyama, wa pili anamfuata wa kwanza, wa tatu anawafuata wote wawili. Ikitokea mtu ameanguka shimoni na hana kamba mwilini, hakuna ruhusa ya mwingine kushuka, awe kaka, awe mama. Pigeni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji (Kenya ni 999 au 112) na mseme tangu neno la kwanza kwamba ni shimo la choo, ili waje na mitungi ya hewa ya kuvaa.

Sasa mbwa. Hakuna aliyehitaji kushuka, na kazi ingefanyika hivi.

Sogezeni watu mita mbili nyuma. Mbao za choo cha zamani zimeoza hadi kingoni, na anayechungulia amesimama ndiye wa pili kutumbukia. Lazeni mlango wa mbao au mabanzi mawili marefu kukatiza mdomo wa shimo, na anayefanya kazi alale kifudifudi juu yake. Sigara, kiberiti na mshumaa vikae mbali, kwa ajili ya ile methani. Mmoja tu azungumze na mbwa, sauti ileile anayoijua. Kelele za watu kumi humfanya ahangaike na kulivuruga tope.

Kama kuna fundi pancha karibu, mwiteni na kompresa yake. Injini ikae mita kumi upande ambao upepo hauleti moshi shimoni, mpira wa hewa ushushwe mpaka karibu na kichwa cha mnyama, kisha hewa ifunguliwe taratibu isichafue tope. Hii inamsaidia mbwa avute muda. Haifanyi shimo kuwa salama kwa mtu kuingia, msije mkadanganyika.

Kumnasa mnyama, tumieni bomba la plastiki la robo tatu inchi. Unganisheni vipande viwili kwa soketi mpate mita nne na ushee. Pitisheni ndani yake kamba ya milimita 6 iliyokunjwa mara mbili, kitanzi kitokee mwisho wa chini, ncha mbili zibaki mkononi juu. Kabla ya kushusha, pigeni fundo nene kwenye kamba ili kitanzi kisibane zaidi ya upana wa kiganja. Kitanzi kinachobana bila kikomo kitamnyonga mnyama mnapomvuta. Lengo ni kichwa pamoja na mguu mmoja wa mbele, kamba ilale kifuani. Ikishika shingo peke yake, legezeni mjaribu tena. Mkimpata, vuteni wima na mfululizo, watu wawili, bila kushtua. Mbuzi ananaswa vivyo hivyo, kamba ikae nyuma ya miguu ya mbele. Paka hahitaji kitanzi: shusheni nguzo nyembamba iliyoviringishwa gunia, au tenga lenye kitambaa na kipande cha samaki, kisha mwondoke wote. Huweza kuchukua saa nzima. Paka haoni sababu ya kupanda kuelekea kwenye umati.

Akitoka, tarajieni meno. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake. Chaneni kipande cha kanga, mzungushieni mdomo mara mbili, pitisheni ncha chini ya kidevu, fungeni nyuma ya masikio. Kama anahema kwa shida au anatapika, msimfunge mdomo. Mfunikeni blanketi tu.

Neno kuhusu mshumaa, maana wazee wa visima hushusha taa kupima hewa. Kisima cha maji na choo ni vitu viwili. Mshumaa hukuonyesha upungufu wa oksijeni. Haukuonyeshi haidrojeni salfaidi, na pale penye methani unaweza kulipua shimo. Hata katika kisima cha maji haukusaidii ikiwa pampu ya petroli ilishushwa na kuwashwa humo siku hiyo, kwa sababu kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na mwali hauoneshi kitu.

SWALI: Tumefundishwa madrasa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Je, si dalili kwamba tushuke? — *Msomaji, Lamu*

JIBU: Hukumu muulize sheikh wako. Sisi tunaitazama kama watu wa uokoaji. Hadithi hiyo, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inasema mtu yule alishikwa na kiu njiani, akashuka kisimani, akanywa, akatoka. Ndipo akamwona mbwa anahema na kulamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji khofu yake, yaani kiatu chake cha ngozi, akaishika kwa mdomo akapanda nayo. Tazama mambo mawili: kisima ni kilekile alichotoka sasa hivi akiwa salama, na mikono yake yote miwili ilikuwa huru kupandia. Na katika Qur'ani, sura ya pili, aya ya 195, tunasoma: "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo." Yule mtu alifanya wema mkubwa, tena kwa uangalifu.

SWALI: Tunakaa orofa ya tatu, na paka wetu ana miaka saba. Mume wangu anasema moto ukizuka na sisi tukatoka, dakika mbili zinatosha kurudi kumchukua. Mimi naogopa. Nani yuko sahihi? — *Mama Paka, Eastleigh*

JIBU: Wewe, dada. Ukishatoka nje ya nyumba inayoungua, dakika ulizo nazo za kurudi ni sifuri, na tunaisema hivyo tukijua paka wa miaka saba ni mtu wa nyumbani.

Mume wako pengine anafikiria moto wa nyumba za zamani, zenye kitanda cha kamba na sanduku la mbao. Chumba cha leo kina godoro la sponji, sofa la sponji, zulia la nailoni na televisheni ya plastiki. Katika chumba cha namna hiyo moto mdogo wa kochi unaweza kuwa umeshika chumba kizima chini ya dakika tano. Moshi unaotanda darini hupata joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kisha kila kitu chumbani, hadi zulia, hushika moto kwa pamoja. Kabla ya hapo moshi wenyewe umeshafanya kazi yake. Sponji ikiungua hutoa sianidi, na kila kinachoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo hushika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Kinachotangulia kwenda ni akili. Mtu anageukia mlango wa kabati akidhani ni mlango wa kutokea, na hajui kwamba amepotea.

Ongeza jambo la tatu: mlango. Ulipotoka ukaufunga nyuma yako, moto ulikosa hewa ukapungua. Ukiurudia na kuufungua, umeulisha, na miali inakufuata kwenye korido.

Na paka hatakuja kukulaki. Hujificha mahali pembamba na pa giza kadiri anavyoweza: nyuma ya jokofu, ndani ya droo ya chini, kwenye kona ya mbali kabisa chini ya kitanda. Utakuwa unapapasa kwa magoti, huoni kiganja chako, ukimtafuta kiumbe anayekukimbia.

Nafasi yako ya kweli ni ile kabla hujatoka. Kama moto uko jikoni, nyinyi mko chumbani, na paka yuko mbele ya macho, mnyakue. Foronya inafaa kuliko mikono: mfunike, geuza, shika mdomo wa foronya, twende. Kama hayuko mbele ya macho, hutafuti. Mnatoka mmeinama, kichwa usawa wa kiuno au chini zaidi, na mlango msioujua upande wa pili una nini mnaugusa kwanza kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa wa moto hamuufungui. Mkifika chini, waambie wazimamoto kwa maneno machache: paka mmoja, orofa ya tatu, chumba cha kushoto, chini ya kitanda. Wao wana hewa mgongoni.

Kinachomwokoa paka hasa ni mlango uliofungwa usiku. Mlango wa mbao uliofungwa huzuia moshi na joto kwa dakika kadhaa za thamani. Alale chumbani kwenu, mlango umefungwa, na tenga lake liwe chini ya kitanda likiwa na blanketi lake, ili siku ya kukimbia ajifiche humohumo. Mtungi wa gesi uzimwe kwenye regyuleta kila usiku, si kwenye jiko tu.

Akitolewa akiwa hai, mtazameni ufizi. Ukiwa wa bluu au kijivu, au mwekundu wa kung'aa kupita kawaida, au akihema mdomo wazi, ni daktari sasa hivi. Hata akionekana mzima, mapafu yaliyovuta moshi huweza kuvimba ndani ya siku moja au mbili. Msimnyweshe maziwa. Tunajua ndiyo dawa ya kwanza ya nyumba nyingi, lakini paka anayehema kwa shida ataingiza maziwa hayo mapafuni. Palipoungua mwageni maji baridi ya kawaida kwa dakika kumi au zaidi. Mafuta na dawa ya meno hapana.

SWALI: Maji ya mto yalipojaa mtaani kwetu, mbwa alichukuliwa na mkondo mbele ya macho yangu. Maji yalinifika magotini tu. Nilirudi nyuma. Aliibukia mbali akapanda ukingo mwenyewe, lakini najiona mwoga. — *Msomaji, Kigogo*

JIBU: Ulifanya kilicho sawa, ndugu yetu, na matokeo yake unayafuga nyumbani. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 huweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 huondoka na magari mengi. Kinachokuua kwenye mafuriko ya mjini mara nyingi hukioni: mfereji uliokosa mfuniko, nondo, waya, au mguu kunasa kwenye jiwe huku mkondo unakulaza juu yake. Mbwa ana miguu minne, mwili mwembamba na manyoya yanayoelea. Huogelea kwa pembe, anafuata mkondo, anatokea pale panapotulia. Mtu humfuata moja kwa moja, anashindana na mkondo, anachoka.

Utaratibu ni huu, na usiruke hatua. Nyoosha kitu kwanza: mti, fimbo ndefu, ufagio, ukiwa umelala au umekaa chini. Kikishindikana, rusha: dumu tupu la lita 20 lililokazwa kifuniko na kufungwa kamba ya mita 15 humsimamisha mbwa anayelikumbatia, na humwokoa mtu pia. Likishindikana, tembea ukingoni kuelekea mto unakoelekea, umtangulie, umwite kutoka mahali penye ukingo wa chini. Ukimwita kutoka ulipo, nyuma yake, unamfanya apambane na maji kurudi kwako. Kuingia mwenyewe hakumo katika orodha. Penye mamba au viboko, kama Rufiji na ukingo wa Ziwa Victoria, hata kusimama ukingoni kunahitaji hatua kadhaa nyuma.

Miguu yako uliyoiloweka ioshe kwa sabuni. Maji ya mafuriko hubeba mkojo wa panya na ng'ombe, na ndani yake vimelea vya homa ya mgunda, ile iliyothibitishwa Lindi mwaka 2022. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu wiki moja au mbili baadaye, mtajie daktari mafuriko.

Kwa wanaokaa mabondeni: mbwa anatoka siku tangazo la mvua kubwa linapotoka, anakwenda kwa ndugu wa mlimani. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans mwaka 2005, watu wengi walikataa kuondoka kwa sababu wanyama wao hawakuruhusiwa kupanda, na mwaka 2006 Marekani ikapitisha sheria ya kuingiza wanyama wa nyumbani katika mipango ya uokoaji. Familia inayojua mbwa ataenda wapi huondoka mapema.

SWALI: Paka yuko juu ya nguzo ya umeme tangu jana jioni. Fundi mmoja anataka elfu ishirini apande na ngazi. — *Msomaji, Moshi*

JIBU: Usimpe. Ngazi ya alumini karibu na waya wa volti 11,000 haihitaji hata kugusa. Piga simu ya dharura ya shirika la umeme, wao ndio wanaokata laini. Ondoeni mbwa na watoto chini ya nguzo, wekeni chakula chenye harufu jioni. Paka wengi hushuka kukiwa kimya. Waya ukidondoka, kaeni mita 10 mbali, na mnyama aliyelala karibu nao msimguse kwa chochote, hata mti mkavu. Ndani ya nyumba, mbwa aliyeng'ata waya akakakamaa asishikwe mpaka mmezima mein swichi.

SWALI: Mimi ni Mtanzania, niko Minneapolis msimu wa pili wa baridi. Mbwa wangu hupenda kukimbilia juu ya ziwa lililoganda. Akizama? — *Msomaji, Marekani*

JIBU: Mfunge kamba kila mkipita hapo, maana baada ya kuzama hakuna jibu zuri. Barafu safi na ngumu huhitaji unene wa sentimita 10 kumbeba mtu anayetembea, na karibu na mdomo wa mto au penye theluji juu huwa nyembamba bila kuonekana. Akitumbukia, lala ufukweni umwite, vunja barafu mbele yake kwa mti mrefu ili apate njia, piga 911. Ukizama wewe, una kama dakika moja ya kutuliza pumzi zinazokuruka, kama dakika kumi za mikono kufanya kazi, na kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Geukia ulikotoka, weka viwiko juu ya barafu, piga miguu kama samaki mpaka kifua kipande, kisha bingirika, usisimame.

SWALI: Nyumba yetu iko karibu na mizinga. Mbwa wa ulinzi hufungwa mnyororo mchana. Mwaka jana nyuki walivamia, tukashindwa kumfungua, akafa mbele yetu. — *Msomaji, Sikonge*

JIBU: Pole sana. Kumtazama mnyama aliyefungwa akishambuliwa ni jambo zito, na tunataka lisirudi.

Nyuki akichoma huacha mwiba, na pale pa mwiba hutoka harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo amri kwa wengine: pigeni hapa. Kila anayemkimbilia mbwa na kuponda nyuki kwa mikono anajipaka amri hiyo. Hukadiriwa kwamba miiba kama 19 kwa kila kilo ya mwili inaweza kuua hata asiye na mzio. Mbwa wa kilo 20 ni chini ya 400, nawe wa kilo 60 ni karibu 1,100, na nyuki wetu wa Afrika hutoka kwa maelfu. Mwenye mzio huangushwa na mmoja.

Kwa hiyo usikimbie kwake mikono mitupu. Ukiwa dirishani una mpira wa maji, mnyunyizie mbwa maji ya sabuni: kikombe kimoja cha sabuni ya maji kwa lita nne. Sabuni huwalowesha nyuki wakashindwa kuruka, wakafa. Maji matupu huwakasirisha tu. Kama kuna gari, vioo vyote juu, liendeshwe hadi pembeni mwake. Moshi wa majani mabichi na kinyesi kikavu cha ng'ombe uwashwe upande wa upepo unaoelekea kwake. Mrina asali mwenye vazi kamili na buti ndiye pekee wa kusogea kwa miguu.

Lakini kazi kubwa ni ya fundi, nayo ni ya saa moja. Mnyororo msiufunge mtini. Upitisheni kwenye pete iliyokazwa mtini, kisha kamba imara kutoka mwisho wa mnyororo ije hadi ukutani, kando ya mlango wa jikoni, ifungwe kwa fundo la kuvuta mara moja. Siku ya hatari unatoa mkono mlangoni, unavuta ncha, mnyororo unateleza kwenye pete na mbwa anakimbia. Kipande kinachobaki shingoni kisiwe na fundo la kunasa kwenye pete; kijaribuni mara tatu mkiwa na amani. Tena mbwa asifungwe chini ya mita 100 kutoka mizingani, na siku ya kurina asifungwe kabisa.

Miiba iondoeni upesi kwa kukwangua na kucha. Upesi ni muhimu kuliko namna. Mbwa aliyechomwa sana akikojoa mkojo wa kahawia kesho yake, figo zinaumia. Daktari, siku hiyohiyo.

SWALI: Binti yangu wa miaka tisa anampenda mbwa wake kuliko chochote. Najua atamfuata popote. Nimwambie nini? — *Baba, Likoni*

JIBU: Maneno peke yake hayatamzuia, kwa sababu jambo lenyewe huamuliwa ndani ya sekunde mbili. Mwaka 1981, katika mbuga ya Yellowstone huko Marekani, kijana wa miaka 24 aliruka kichwa mbele ndani ya chemchemi yenye joto la zaidi ya nyuzi 90 kumfuata mbwa wa rafiki yake. Watu walimpigia kelele asiingie. Walikufa wote wawili. Mtu mzima, mwenye macho yake, aliona mvuke.

Kwa hiyo mzoeze mwili wake. Weka mdoli wake kwenye karai la maji, chora mstari wa chaki hatua mbili kabla ya karai, mpe kamba yenye chupa tupu mwishoni. Kazi yake ni tatu: kupiga kelele jina la mtu mzima, kutomwondolea mbwa macho huku akinyoosha kidole, na kurusha kamba akiwa nyuma ya mstari. Rudieni Jumamosi tatu. Mpe kazi, usimpe katazo tupu. Mtoto aliyeambiwa "usiende" na hana la kufanya ataenda. Kamba ya kweli itundikwe anapoifikia yeye.

Mfundishe pia mbwa kuja akiitwa kwa filimbi, chakula kikiwa malipo kila mara. Mbwa anayegeuka kwa filimbi huacha kuvuka barabara ya feri, na binti hana sababu ya kumkimbilia.

Na wakipigana mbwa wawili, asitie mkono kabisa. Ninyi wakubwa mwageni ndoo ya maji vichwani, au kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa mmoja, wavute kinyumenyume kwa pamoja. Akiumwa mtu, hata mkwaruzo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, na tarehe za sindano zinazofuata zisirukwe hata moja. Mbwa aliyeuma, kama anajulikana, afungwe na kuangaliwa siku 10, asiuawe; lakini chanjo haisubiri siku hizo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba karibu hakuna, kwa hiyo msingoje Jumatatu.